Siku Mzee Remise Alipoamua

Mkuu wa mahakama yetu ya Butembo alikuwa na jina la utani, na jina hilo lilimfuata kila alikokwenda. Watoto walilitamka wazi wazi. Wakubwa walingoja kwanza gari lake lipite. Mzee Remise. Remise ni neno la mahakamani: kesi imeahirishwa, rudini siku nyingine. Gracien Lusenge alilisema neno hilo kwa miaka zaidi ya thelathini, kwa sauti ya upole, miwani imeshuka puani, na mama aliyeuza kuku ili apate nauli ya kuja kusikilizwa alirudi kwao bila kuku na bila hukumu.

Mimi ni wakili. Naitwa Séphora Kahongya, nina ofisi juu ya duka la misumari, na nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nikigomba. Mzee Lusenge alinipiga remise mara nyingi mpaka wateja wangu wakadhani ni mimi ninayechelewesha. Sikumchukia. Aliniudhi tu, na kuudhika kwangu mnakufahamu sasa.

Lakini nisimsingizie. Alikuwa na sababu zake, na sababu zenyewe zilitoka katika kazi.

Alizaliwa Alimbongo, kwenye baridi na viazi, akapelekwa Kirumba kuwa hakimu akiwa bado kijana mwenye moto. Huko alisikiliza kesi ya dereva wa lori aliyesingiziwa kuua. Aliona kabisa kwamba mtu hana kosa. Akamwachilia pale pale kitini, kwa mdomo, moyo umemjaa, akisema maandishi atayafanya baadaye. Mwendesha mashitaka akakata rufaa. Mahakama ya juu ikasema hukumu isiyoandikwa sababu zake si hukumu, ikaifuta. Dereva akarudishwa gerezani kungoja kesi mpya, na humo akafa kwa kuhara. Tangu siku hiyo Lusenge hakutamka tena hukumu ambayo haijaandikwa mpaka nukta ya mwisho na kutiwa sahihi na mahakimu wote watatu.

Kisha Manguredjipa, kwenye dhahabu. Ndugu wawili waligombania shimo moja. Akaahirisha, akaahirisha tena, mpaka shimo likaporomoka lenyewe na ndugu wakapatana kwa kukosa cha kugombania. Alipenda sana kuisimulia hiyo.

Halafu Beni, wakati wa uasi. Kamanda wa waasi alitaka chifu mmoja anyongwe, na alitaka mahakama ndiyo iseme. Lusenge hakukataa. Aliahirisha tu: mara mkalimani hayupo, mara hakimu mwenzake ana malaria, mara toge yake, lile joho jeusi, imelowa na mvua. Aliwapiga danadana hivyo hadi waasi wakagombana wao kwa wao wakakimbia mji, na chifu akarudi nyumbani kupalilia kahawa yake. Mpaka leo familia ya chifu humletea Lusenge maharage kila mavuno. Kwa hiyo mtu akikwambia yule mzee alikuwa mwoga tu, mwambie aulize Beni.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Mnajua kwamba kwetu wanajeshi walipewa mkoa. État de siège: gavana mwanajeshi, meya polisi, na raia akishitakiwa kwa jinai anahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Sisi wa mahakama ya kiraia tuliachiwa talaka na viwanja. Amri hiyo ilipaswa kuongezwa na Bunge kila baada ya wiki mbili, na Bunge liliiongeza kila mara bila hata kukohoa. Mpaka Mkuu wa Nchi alipotaka Katiba ibadilishwe ili abaki baada ya muda wake kwisha. Nusu ya wabunge wakatoka nje, viti vikabaki vitupu, idadi haikutimia, na siku ya kuongeza amri ikapita. Kinshasa wakajitia hamnazo. Wanajeshi wetu wakaendelea kukaa vitini kana kwamba hakuna kilichotokea. Maprofesa wakabishana redioni asubuhi mpaka jioni.

Kwetu sisi jambo hilo lilikuwa na sura ya mtu mmoja. Onésime alikuwa préfet wa shule moja ya Waprotestanti huko Beni, yaani mwalimu mkuu, mtu mwembamba mwenye sauti ya besi ambayo kwaya nzima iliitegemea. Jumapili moja baada ya ibada alisimama, akafungua kitabu cha Katiba, akasoma ile ibara ya sitini na nne inayompa kila Mkongomani wajibu wa kumzuia anayechukua madaraka kwa nguvu au kuyashika kinyume cha Katiba. Hakuongeza neno. Alifunga kitabu, akaketi. Kesho yake wanajeshi walimchukua: kuchochea uasi, na adhabu yake ni kifo.

Wakili wake, Jéthro, akaiona ile nafasi. Amri imekwisha, Bunge halijakaa, basi nguvu ya kuhukumu raia imerudi kwa hakimu wa raia. Akaleta kesi kwetu, na kwa kuwa hata jeshi lilikuwa halijui la kufanya, Onésime akahamishiwa gereza la Butembo. Hesabu yake ilikuwa rahisi, hata mtoto aliielewa. Tukimwachilia kabla Bunge halijarudi, anakwenda nyumbani. Bunge likirudi kabla yetu, wanajeshi wanamchukua yeye na faili lake.

Jumanne ya kesi, mimi nilikuwa ukumbini na mambo yangu mengine, kiwanja cha mjane. Mahakimu wanapaswa kuwa watatu, na wa tatu alikuwa ameondoka ghafla kwenda Bunia kutazamwa meno. Meno ya watu huuma kwa wakati wake. Sheria yetu inamruhusu mkuu wa mahakama, akikosa hakimu, kumwita wakili aliyepo akae kitini kwa kesi hiyo moja. Lusenge alichungulia mlangoni, akatuangalia mawakili mmoja mmoja. Wenzangu wote wakaanza kufunga kamba za viatu.

"Maître Séphora," akasema. "Funga toge yako muzuri, ukuye kukaa na sisi."

Nikakaa kushoto kwake. Kulia alikaa Eliezer, hakimu wa pili, mtu mkubwa mwenye Kifaransa kitamu na watoto saba. Mbele yetu ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Onésime aliletwa na ndala za plastiki miguuni. Katika benchi la mbele alikaa mke wake, Agar, na sufuria ya chakula imefungwa kitenge magotini, maana gerezani kwetu anayekula ni yule anayeletewa na ndugu zake.

"Ile ibara ulisoma kweli?" Lusenge akamuuliza.

"Nilisoma, Président. Mukitaka, nasoma tena."

Ukumbi ukacheka. Hata askari wa mlangoni alicheka, kisha akakumbuka alikuwa nani.

Tukaingia chumba cha shauri. Mvua ilikuwa inapiga mabati na ilibidi tusogeze vichwa ili tusikizane. Kuna desturi katika chumba kile, ya zamani kuliko sisi wote: anayesema kwanza ni mdogo wa kazi, ili asijifiche nyuma ya wakubwa. Mkuu husema mwisho. Na yanayosemwa mle hayatoki. Ni siri ya hakimu mpaka hukumu isomwe hadharani.

Mdogo nilikuwa mimi. Nikasema amri imekwisha, kesi ni yetu, na mtu hawezi kushitakiwa kwa kuisoma Katiba. Aachiliwe.

Eliezer alitazama mikono yake. "Mi naona tuseme haiko kesi yetu. Ba militaire batajua ya kufanya. Mimi niko na batoto, Président. Na banajua nyumba yangu."

Kura zikawa sawa, mmoja kwa mmoja. Lusenge akavua miwani, akaifuta kwa pindo la toge. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa; niliisikia remise ikija kama mtu anavyosikia lori likipanda mlima. Nilianza kukusanya karatasi zangu kwa hasira.

"Kesi iko yetu," akasema. "Kusoma Constitution haiko kosa. Onésime atoke."

Nilimwangalia. Nawaambieni ukweli, dakika ile nilimpenda yule mzee kama baba yangu. Alikuwa na sababu kubwa ya kunyamaza kuliko sisi wote: alikuwa ameshanong'onezwa kwamba jina lake limepita Kinshasa, kwenye mahakama ya juu kabisa, na mtu wa Alimbongo hapiti huko mara mbili.

"Kinshasa watafuta jina yangu," akasema, akitabasamu kidogo. "Bon. Viazi ya Alimbongo ingali inaota."

Nikasimama. "Basi tutoke, tusome sasa hivi."

"Tutasoma jeudi," akasema, yaani Alhamisi.

"Président!"

"Jeudi, Maître. Leo naandika, kesho naandika, tunatia sahihi, jeudi tunasoma. Kama nasoma leo kwa kinywa tu, bataivunja ndani ya wiki moja na mutu atarudia gerezani. Nilishaua dereva moja Kirumba. Siui wa pili."

Nilipiga meza. Nilimwambia Bunge linaweza kukaa hata kesho. Nilimwambia sentensi mbili zinatosha mtu atoke, sababu zifuate baadaye. Nilisema mengine ambayo mwanamke wa kanisa hapaswi kumwambia mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa upole wake ule ule wa kuudhi, kisha akavaa miwani. Nilimwona Eliezer anashusha pumzi, na niliijua pumzi ile: siku mbili ni nyingi, huenda Bunge likarudi kabla yetu.

Tukarudi ukumbini. Lusenge akatangaza kwamba mahakama imesikia, na hukumu itasomwa Alhamisi. Mnong'ono ukapita kutoka benchi hadi benchi mpaka barabarani. Remise. Mzee amefanya tena. Kijana mmoja akapiga mluzi.

Ila Agar alisimama, sufuria mkononi, akainamisha kichwa.

"Wasingya, Papa Président," akasema. "Aksanti sana."

Yeye alikuwa mtu wa Beni. Alikuwa amekulia kwenye ile hadithi ya chifu, na aliamini kwamba anayeahirishiwa na Lusenge huwa hafi. Lusenge alikusanya faili lake. Kisha akamjibu, "Karibu, mama," kama mtu aliyeshukuriwa kwa kiti.

Jumatano alijifungia akaandika. Alasiri nikaenda kusaini. Zilikuwa kurasa nyingi za mwandiko wa shule ya mapadri, na niseme kweli, sijawahi kusoma hukumu nzuri kama ile. Ungeivunja kwa nyundo isingevunjika. Eliezer alisaini wa mwisho, maana aliyeshindwa shaurini husaini kama wengine.

Nilipotoka nikasikia kipaza sauti juu ya pikipiki, kinapanda barabara kuu. Kesho jeudi, ville morte! Butembo na Beni! Duka kufunga, soko kufunga, bureau kufunga, mutu asitembee! Tunataka préfet Onésime aachiliwe!

Nilicheka peke yangu pale barabarani, halafu machozi yakanitoka. Kwetu tukikasirika tunafunga mji. Ndiyo silaha tuliyonayo: tunakaa nyumbani, tunaweka mawe njiani, serikali ikose mtu wa kumtawala. Vijana walikuwa wanafunga mji ili mtu atoke, siku ile ile ambayo mji ulihitajika kuwa wazi ili atoke.

Nikarudi mbio kwa Lusenge. "Tuma mutu kwa bale vijana. Uwaambie tu waache njia."

"Nitawaambia nini? Siri ya shauri, Maître. Ikijulikana kwamba tulisema kabla ya kusoma, mwendesha mashitaka ataifutisha hukumu yote. Ni kitu atatafuta kwanza."

"Basi tutapita namna gani?"

"Kwa miguu," akasema. "Mi ni muzee. Batanipisha."

Alhamisi mji ulikuwa kimya kabisa. Ukungu ulikuwa bado umeshika mikaratusi, na harufu ya matairi yaliyoungua ilifika mpaka ndani ya nyumba. Nilimkuta Lusenge anashuka kutoka kwake, koti juu ya suti, toge na hukumu ndani ya mfuko wa plastiki kwapani. Tulipofika kwenye njia panda tukakuta magogo na mawe, na vijana kama thelathini, na mbele yao Sikuli.

Sikuli alikuwa mtu mzima wa pikipiki, mwenye mke na kauli, na ndiye aliyeongoza kundi lile. Alikuwa amesoma kwa Onésime huko Beni. Hakuwa mhuni. Laiti angekuwa mhuni, tungempa kitu akatupisha.

"Wabukire, Papa," akasalimu kwa adabu. "Leo ni ville morte. Rudia nyumbani."

"Nafika tribunal, mwana wangu. Kuko kazi."

"Kazi gani? Leo hapana kazi. Sisi tunapigania préfet wetu, na wewe unataka kufungua bureau? Ukifungua, meya atasema mji inatembea."

"Iko juu ya préfet, ile kazi."

"Ya remise?" mmoja akauliza nyuma, na wote wakacheka.

Nilimtazama Lusenge. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza, na maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye miwani. Niliona jinsi alivyokuwa anapigana na nafsi yake. Miaka yote ile hakuwahi kutoa siri ya chumba kile, hata kwa mkewe marehemu. Akavuta pumzi.

"Musikilize muzuri," akasema. "Tulisha amua. Onésime anatoka. Niko nayo hapa, tulisha tia sahihi. Mukinipisha, nasoma, na leo anakula kwake."

Wakatazamana. Nilidhani tumepita.

Kisha wakacheka. Walicheka kwa uchungu, jinsi mtu anavyomcheka fundi aliyemdanganya mara nyingi na anakuja tena na ahadi.

"Anatoka jeudi ya mwaka gani?"

"Papa, kesi ya kiwanja ya baba yangu uliipiga remise mpaka baba akafa," akasema mwingine. Huyo hakucheka.

Nikapaza sauti. Niliapa kwa jina la mama yangu, nikasema nilikuwamo chumbani, nilisikia kwa masikio yangu. Sikuli akanitazama kwa huruma. "Maître, na wewe ulikuwa juge wa siku moja tu. Walikutumia." Kisha akamletea mzee kiti cha plastiki, akampa chupa ya tangawisi, akamwambia apumzike kabla ya kurudi. Wema ule ulinichoma kuliko tusi.

Tulijifanya tunarudi, tukashuka bondeni nyuma ya nyumba, kwenye mashimo ya wachoma matofali. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Lusenge alianguka mara ya kwanza akainuka. Mara ya pili aliangukia kifua, lakini mkono wenye mfuko aliuinua juu. Nilimshika kiuno tukavuka kijito hivyo, mzee na mimi, matope mpaka magotini, na sikuwa tena na hasira naye hata kidogo. Hasira yangu yote ilikuwa mbele, kwa saa ambazo zilikuwa zinakwenda.

Mahakamani tulimkuta mlinzi peke yake. Eliezer hakuwepo. Simu yake ilikuwa imezimwa, na mlinzi alisema alimwona alfajiri kwenye pikipiki, na begi, akielekea njia ya kusini.

"Tusome wawili," nikasema.

"Wawili haiko tribunal."

"Tuite wakili mwingine akae."

"Anayesoma ni yule aliyekaa shaurini. Unajua, Maître."

Nilijua. Ndilo lililoniumiza. Kila alichosema mzee yule kilikuwa sawa kisheria.

Alivaa toge yake juu ya matope. Akafungua mlango mkubwa wa ukumbi, maana hukumu husomwa milango ikiwa wazi, akaketi katikati ya viti vitatu. Tukamngoja Eliezer. Redio ya mlinzi ilikuwa inaimba nje. Alasiri wimbo ukakatwa. Msomaji akasema idadi ya wabunge imetimia mjini Kinshasa, wengine wakiwa wamerejea kitini baada ya mazungumzo ya kidugu, na état de siège imeongezwa kuanzia wakati huo huo. Mazungumzo ya kidugu! Bei ya undugu huo kila mtu aliijua.

Lusenge hakusogea. Mimi niliweka kichwa juu ya meza.

Hatujakaa sana Agar akaingia. Alikuja taratibu kati ya mabenchi matupu, na sufuria ilikuwa imefungwa vile vile na kitenge, nzito, chakula hakijaguswa.

"Nimefika gerezani," akasema. "Banasema hayuko. Jeep ya ba militaire imemukamata sasa hivi, bamepita naye kwa barrière ya vijana."

"Vijana walikubali?" nikauliza.

"Jeep iko na mitrailleuse, ile bunduki kubwa, Maître. Batoto balitoa magogo wao wenyewe."

Alimtazama hakimu, akingoja neno. Lusenge alikuwa na karatasi mbele yake na mikono miwili juu yake.

"Pole, mama," akasema.

Eliezer alirudi wiki iliyofuata na kusema alikuwa na tumbo. Katika maandishi ya mahakama, kesi ya Onésime iliandikwa jinsi ilivyokuwa: imeahirishwa, kisha imehamishwa kwa wenye uwezo. Sikuli alikuja ofisini kwangu, kofia mkononi, akauliza kama yale maneno ya mzee pale njia panda yalikuwa ya kweli. Nikamwambia ni kweli. Akavaa kofia, akaondoka bila kuaga.

Na Kinshasa? Kinshasa walifurahi. Waliona hakimu mwenye busara, aliyeshika bomu bila kulilipua. Jina la Gracien Lusenge likasomwa redioni: mahakama ya juu, kwa hekima na uzoefu wake. Watu wa mji wakaja na mbuzi kumpongeza. Hakutoka chumbani.

Tiketi ya ndege yake ilikuwa imeshafika habari zilipokuja kwamba Onésime amefariki mikononi mwa jeshi huko Kinshasa, walikomhamishia. Malaria, walisema. Mwili haukurudishwa. Familia ikafanya matanga bila jeneza.

Lusenge akaniita. "Twende Beni," akasema. "Wewe na mimi."

Tulikwenda nyuma ya malori yaliyosindikizwa na wanajeshi, maana njia ile haiendeki peke yako. Uani kwa Agar palikuwa na turubai, mabenchi ya kanisa, na kwaya iliyokuwa inaimba bila besi. Kwetu kwenye matanga mgeni husimama akasema anachokijua juu ya marehemu. Zamu yake ilipofika, Lusenge alitoa toge kwenye ule mfuko wa plastiki, madoa ya matope bado yapo, akaivaa mbele ya watu. Akaomba lango la ua lifunguliwe wazi. Kisha akasoma.

Alisoma yote, kwa Kifaransa, na kila ukurasa akaugeuza kwa Kiswahili ili bibi na watoto waelewe. Kwamba amri ilikuwa imekwisha. Kwamba kesi ilikuwa yetu. Kwamba kuisoma Katiba si kosa bali ni wajibu. Kwamba mahakama inaamuru Onésime aachiliwe mara moja. Aliposoma jina hilo sauti ilimkatika, akaanza upya sentensi nzima, maana hukumu haisomwi nusu. Wanaume walikuwa wanalia waziwazi. Mimi nililia nikiwa nimesimama, kwa uchungu na kwa hasira, na sijui kipi kilizidi.

Agar hakulia. Alingoja amalize.

"Papa," akasema, "ile karatasi iliandikwa siku gani?"

"Mercredi, mama," akajibu. Jumatano.

"Na kuamua, muliamua siku gani?"

Lusenge alishika karatasi kwa mikono miwili. "Mardi, siku ile ya kesi," akasema. "Kabla ya kutoka inje."

"Wakati niliwaambia aksanti, mulikuwa munajua tayari."

"Tulikuwa tunajua."

Alimtazama bila chuki, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu.

"Na mimi nilikuambia aksanti," akasema tena, polepole. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akaenda jikoni kuangalia maharage, kwa sababu wageni walikuwa wengi na hawajala.